Mkojo wa Shinyanga: tulipima watoto, tukawasahau mama zao

Kuna namba imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa na sasa nimeona niitue hapa. Mwaka 2013 madaktari watatu wa Bugando, Mwanza (Rambau, Chalya na Jackson) walichapisha hesabu ya wagonjwa wa kansa ya kibofu cha mkojo waliopitia hospitalini hapo kutoka mikoa ya kaskazini magharibi ya nchi yetu. Wagonjwa walikuwa 185. Wanaume 90, wanawake 95.

Soma tena. Wanawake 95.

Ukifungua kitabu chochote cha tiba utaambiwa kansa ya kibofu ni ya wanaume. Duniani wanaume wanaoipata ni kama mara tatu au nne ya wanawake, tena wengi wao ni wazee wavuta sigara. Sasa hawa mama 95 wa Usukumani wametokea wapi? Ni wangapi kati yao unaowajua wanavuta sigara? Tena wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa kama miaka 54, umri ambao mama wa Kisukuma bado yumo shambani na anategemewa na wajukuu.

Jibu lipo katika makala yao yenyewe. Wagonjwa 83, karibu asilimia 45, walikutwa na mayai ya kichocho ndani ya nyama iliyokatwa kwenye kibofu. Na zaidi ya nusu ya kansa zote zilikuwa za aina inayoitwa ya seli bapa, aina ambayo Ulaya na Marekani ni adimu. Ndugu msomaji, kabla hujasema "aah, kichocho tena", naomba uvumilie kidogo, kwa sababu historia hii ni ndefu na inaanzia mbali sana na Shinyanga. Inaanzia Misri, kama mambo mengi.

Mwaka 1910 bwana mmoja aitwaye Marc Armand Ruffer aliloweka figo za maiti zilizokaushwa za Wamisri wa kale, watu waliokufa miaka kama 3,000 iliyopita, akaziangalia kwa hadubini. Akakuta mayai ya kichocho yametulia humo, yamekauka lakini umbo lake liko vile vile. Kwa hiyo tunapozungumzia ugonjwa huu hatuzungumzii kitu kilicholetwa na meli juzi. Mdudu mwenyewe aliyeyataga alikuwa ameshagunduliwa mwaka 1851 na kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa anapasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Bilharz alikuwa na miaka 26 tu. (Wenzetu wa umri huo siku hizi tunahangaika na barua za maombi ya kazi.) Jina la bilharzia linatokana naye.

Mwaka 1911, hapo hapo Cairo, daktari A. R. Ferguson aliandika juu ya wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na kansa ya kibofu kwa pamoja. Haikuwa ajali, alisema, viwili hivi vinakwenda pamoja. Miaka minne baadaye Robert Leiper akaonyesha njia nzima anayopita mdudu: anatoka kwa binadamu kwenye mkojo, anaingia kwa konokono wa maji baridi, anazaliana humo kwa maelfu, anatoka, anatoboa ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mzunguko umekamilika.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, maana bila hicho mengine hayataeleweka. Minyoo hii hukaa wawili wawili, dume na jike wamekumbatiana, kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Wanaweza kuishi hapo miaka mingi. Jike anataga kila siku. Yai lina mwiba mdogo nchani, na linatakiwa lipenye ukuta wa kibofu litoke na mkojo. Yanayofanikiwa yanachana chana njiani, ndiyo ile damu ya mwisho wa mkojo. Yasiyofanikiwa yanabaki ukutani. Mwili unayazingira, unatengeneza kovu, mahali pengine unaweka chokaa. Mwaka hadi mwaka kidonda hakiponi, seli zinagawanyika bila kupumzika, bakteria nao wanapata makao na kutengeneza kemikali mbaya kwenye mkojo usiotoka vizuri. Baada ya miaka 20 au 30 baadhi ya seli hizo zinaasi. Mtoto aliyeoga kwenye lambo akiwa darasa la tatu analipa deni akiwa na wajukuu.

Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilikuja kuthibitisha haya rasmi mwaka 1994, likamweka mdudu wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya kansa, kundi lile lile la tumbaku na asbestosi. Toka Ferguson hadi 1994 ni miaka 83. Tuwe wa kweli, ingekuwa ugonjwa wa London isingechukua miaka 83.

Naam, ushahidi upo. Maana upande wa pili wa dunia mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliona kansa ya kibofu kwa vibarua watatu wa kiwanda cha rangi za vitambaa. Watatu tu. Lakini walikuwa vibarua wa viwanda, viwanda vilikuwa na wenyewe, na vyama vya wafanyakazi navyo vilikuwa na sauti. Habari haikufa. Kufika miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa imeshaanza kuwapima wafanyakazi wa viwanda vya rangi kwa utaratibu: unakojoa kwenye chupa, mkojo unazungushwa kwenye mashine mpaka seli zinatua chini, mtaalamu anaziangalia kwa hadubini akitafuta zilizoharibika. Njia hii ilitangazwa mwaka 1945 na Papanicolaou (yule yule wa kipimo cha mlango wa kizazi) pamoja na Marshall, ingawa wazo lilikuwepo tangu katikati ya karne ya 19, Lambl wa Prague aliangalia seli za mkojo mwaka 1856. Kwa hiyo hadi tunapata uhuru, dunia ilikuwa inajua mambo mawili: kwamba kichocho kinaandamana na kansa ya kibofu, na kwamba kansa ya kibofu inaweza kuonekana kwenye chupa ya mkojo.

Sasa turudi nyumbani.

Wengi wetu tukisikia Shinyanga tunafikiria almasi, pamba, na ukame. Wachache wanajua kwamba katika miaka ya 1930 Shinyanga ilikuwa na kituo cha utafiti kilichojulikana dunia nzima. Kilikuwa cha mbung'o. Mwingereza Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliwashirikisha watemi na wananchi kwa maelfu kufyeka mapori ili mbung'o wakose pa kujificha. Ilifanikiwa! Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakahamia kwenye ardhi iliyofunguka. Lakini ardhi ile ina shida moja, haina mito ya kudumu. Mvua ikiisha, maji yameisha.

Ndipo yakaja malambo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao makuu Malya. Kati ya mambo mengine (kupunguza ng'ombe kwa lazima, matuta, amri za kilimo, mambo ambayo wazee waliyachukia mpaka yakaingia kwenye siasa za TANU) mpango ule ulichimba mabwawa na malambo kila pande. Na kila lambo lilipotulia, konokono alihamia.

Huyu konokono anastahili aya yake. Anaitwa Bulinus nasutus. Ni mdogo, hana sura ya kutisha, na ana vipaji viwili vya ajabu. Kwanza, lambo likikauka yeye hafi. Anajizika kwenye tope, anafunga milango, analala miezi yote ya kiangazi mpaka mvua ya kwanza. Pili, ni dume na jike kwa wakati mmoja na anaweza kujizalisha mwenyewe, kwa hiyo konokono mmoja tu aliyenusurika anatosha kujaza dimbwi zima. Mtafiti Webbe, wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki pale Mwanza, aliandika mwaka 1962 jinsi maambukizi ya kichocho cha mkojo katika Jimbo la Ziwa yanavyofuata majira na madimbwi haya ya msimu. Taasisi ile baada ya Jumuiya kuvunjika 1977 ikawa sehemu ya NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na mpaka leo watafiti wake wanahangaika na konokono yule yule kwenye madimbwi yale yale.

Watu wa mjini huwa wanachanganya. Kichocho cha kando ya Ziwa Viktoria, kule visiwani Ukerewe na Kome, kwa sehemu kubwa ni kile cha tumbo, kinachoshambulia ini na utumbo. Cha mkojo kinakaa bara, mbali na ziwa, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga: Misungwi, Kwimba, Maswa, Shinyanga vijijini. Mpunga nao umeongezeka sana Usukumani, na majaruba ni kazi ya kusimama majini masaa kwa masaa. Nani anayepandikiza mpunga? Nani anayechota maji, nani anafua? Hapo unaanza kuelewa wale 95.

Lakini tulipoanza kupima mkojo hatukuwapima wao. Tulipima watoto. Na sisemi ilikuwa vibaya, sehemu hii ya historia ni ya kujivunia na haifundishwi popote.

Mwaka 1966 Forsyth na Macdonald walichapisha kazi yao ya shule ya Donge, Unguja. Waliwapiga picha za eksirei wanafunzi waliokuwa wanakuja darasani kama kawaida, wanacheza mpira, hawajalalamika. Ndani wakakuta vibofu vyenye chokaa, mirija iliyopinda, figo zilizovimba kwa mkojo kukosa njia. Watoto! Kabla ya hapo wengi waliamini kichocho ni kero ndogo ya utotoni, kama vile surua, ukikua kinakwisha. Baada ya Donge mtu mwenye akili zake hakuweza kusema hivyo tena.

Shida ilikuwa kipimo na dawa. Kipimo cha uhakika ni kuchuja mkojo, uliochukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana wakati mayai yanatoka kwa wingi, kisha kuhesabu mayai kwa hadubini. Hadubini inataka mtaalamu, mtaalamu anataka gari, gari linataka mafuta. Dawa nazo zilikuwa balaa. Toka 1918, Christopherson alipoonyesha kule Khartoum kwamba sindano za antimoni zinaua mdudu, tiba ilikuwa ni mlolongo wa sindano zenye sumu. Misri waliendelea nazo kwa wingi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sindano zilizochemshwa vibaya zikawaambukiza mamilioni homa ya ini aina ya C. Wakatibu ugonjwa mmoja na kusambaza mwingine.

Mambo yalibadilika kwa vitu viwili vidogo. Kimoja ni kidonge, prazikwanteli, kilichokuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kingine ni kijikaratasi. Wakemia wa kampuni moja ya Marekani, Alfred na Helen Free, mtu na mkewe, walikuwa wameshatengeneza kijiti cha kupima sukari kwenye mkojo mwaka 1956. Vikafuata vya kupima damu. Unachovya, unasubiri chini ya dakika mbili, rangi ya njano inageuka kijani kama kuna damu, hata damu isiyoonekana kwa macho. Haihitaji hadubini wala umeme.

Pemba walianza mwaka 1986. Daktari Mtaliano, Lorenzo Savioli, ambaye baadaye alikuja kuongoza idara ya WHO ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, pamoja na wenzake wa Zanzibar walionyesha kwamba unaweza kuendesha mpango mzima wa kisiwa kwa kuangalia mkojo kwa macho na kuchovya kijiti, shule kwa shule, na kumpa kidonge anayeonekana na damu.

Halafu ikaja Kilosa, na hapa ndipo napenda kuliko pote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ifakara na wenzao wa Uswisi, akiwemo Mtanzania Hassan Mshinda, walijiuliza swali la mtu maskini mwenye akili: je, lazima twende? Wilaya ya Kilosa ni kubwa, barabara unazijua. Badala ya kwenda waliwatumia walimu wakuu karatasi za maswali. Mwalimu awaulize watoto mmoja mmoja wana magonjwa gani, kichocho kikiwa kimoja tu kati ya mengi ili mtoto asijue kinachotafutwa. Baadaye walimu wenyewe wakapewa vijiti wapime. Matokeo? Shule ambazo watoto wengi walisema "nina kichocho" ndizo zilizokuwa na damu nyingi kwenye mkojo. Watoto walikuwa wanajua! Hakuna aliyekuwa amewauliza kwa adabu. Njia hiyo ikajaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka 1995 ripoti yake ikatoka chini ya WHO kwa jina la kikundi cha utafiti wa "mkojo mwekundu". Leo mtu akitumia njia hii Malawi au Zambia huenda hajui kwamba ilizaliwa kwenye madawati ya Kilosa.

Kuanzia miaka ya 2000 hata kijiti kikaachwa sehemu nyingi. Tanzania ilikuwa kati ya nchi sita za kwanza kuingia kwenye mpango mkubwa wa kugawa prazikwanteli, na hesabu ikawa rahisi: kama wilaya ina kichocho, mpe kila mtoto wa shule bila kupima, dozi kwa kipimo cha urefu wa fimbo. Haikuwa laini kila mahali. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wazazi walivamia shule wakiamini watoto wanauawa, baada ya vidonge kuwatapisha na kuwalewesha waliokuwa hawajala. Ndiyo gharama ya kugawa dawa bila maelezo. Lakini kwa ujumla ilifanya kazi.

Sasa angalia kilichotokea. Toka Donge hadi fimbo ya dozi ni karibu miaka 40, na muda wote huo chupa ya mkojo ilikuwa ya mwanafunzi. Sababu ilikuwa ya msingi: watoto ndio wenye mayai mengi zaidi, ndio wanaochafua maji zaidi, na shule ni mahali rahisi pa kuwapata. Ila kansa haikai shuleni. Kansa iko kwa aliyemaliza shule kabla prazikwanteli haijafika, au ambaye hakuwahi kupelekwa shule kabisa kwa sababu ni msichana na kuna maji ya kuchota.

Je, isingewezekana kuwapima na wao? Misri walijaribu. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 El-Bolkainy na wenzake walichukua mkojo wa wakulima vijijini, wakatafuta seli zilizoharibika, wakapata kansa kwa watu waliokuwa bado wanalima na hawajaenda hospitali. Kwa hiyo inawezekana. Lakini walikuwa na taasisi ya kansa Cairo, walikuwa na wataalamu wa kusoma seli.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa msomaji, maana ni rahisi mwandishi wa habari kupiga kelele "pimeni watu wote!" na kwenda kulala. Kijiti kinaona damu, hakioni kansa. Mwekee kijiti mtu mzima yeyote wa Kishapu na huenda kikageuka kijani kwa kichocho, kwa mawe ya figo, kwa maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, kwa hedhi. Hata kule ambako hakuna kichocho shida ni ile ile. Wisconsin, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 walipewa wanaume wa miaka 50 na zaidi vijiti wajipime nyumbani siku 14 mfululizo. Kansa zilipatikana zikiwa changa, ila wengi wa waliokutwa na damu hawakuwa na kansa yoyote. Mwaka 2011 jopo la Marekani linaloshauri juu ya vipimo vya namna hii lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza watu wasio na dalili wapimwe kansa ya kibofu, wala kuwakataza. Vipimo vipya vya protini na vya chembe za urithi kwenye mkojo vipo tangu miaka ya 1990, bei yake ni ya nchi nyingine, na kwenye kibofu chenye kidonda cha kichocho baadhi vinadanganyika. Na damu ikionekana, hatua inayofuata ni kuingiza kamera kwenye kibofu. Kamera hizo hazipo zahanati.

Niongeze tahadhari nyingine. Si kila kansa ya seli bapa ni kichocho. Dodge, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba aliziona kansa hizo Uganda kwa watu wasio na kichocho, na akazihusisha na mkojo kuzuiliwa muda mrefu kwa kuziba kwa njia yake. Kwa hiyo tusimsingizie konokono kila kitu.

Wala tusimsahau jirani wa Shinyanga, yaani Geita. Mgodi wa Geita ulianza miaka ya 1930, ukafungwa miaka ya 1960, ukafunguliwa tena mwaka 2000 kwa ukubwa tunaoujua. Kandokando yake wachimbaji wadogo wamejaa, na mashimo yao yakijaa maji ya mvua yanakuwa malambo bila mtu kuyaita hivyo. Cha ajabu ni kwamba Geita mkojo wa watu wazima umewahi kukusanywa. Mwaka 2003 Rwamagasa, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki, wachimbaji walitoa mkojo, damu na nywele, wakalinganishwa na watu wa Katoro. Baadaye watafiti wa Mwanza wakiongozwa na Nyanza walipima aseniki kwenye mikojo na zebaki kwenye damu ya wajawazito wa maeneo ya machimbo, kazi iliyochapishwa 2019.

Kwa zebaki kila mtu anapiga kelele, na ana haki. Aseniki ndiyo inayohusu makala hii. Baadhi ya visima na vijito vya Geita na Mara vimekutwa na aseniki juu ya kiwango cha WHO, mikrogramu 10 kwa lita, na aseniki kwenye maji ya kunywa inajulikana kusababisha kansa ya kibofu. Mji wa Antofagasta, Chile, ulikunywa maji ya mto wenye aseniki nyingi toka 1958 hadi walipojenga mtambo wa kusafisha mwaka 1970. Maji yakawa safi, lakini vifo vya kansa ya kibofu vikaendelea kuwa juu kwa miongo mingi baadaye. Sasa chukua mtu aliyekulia kwenye malambo ya Shinyanga vijijini, akaenda kutafuta maisha Geita akiwa na miaka 20, akawa anakunywa maji ya kisima cha machimbo. Sijaona utafiti uliomfuata mtu huyo. Na watu wa namna hiyo si wachache, nusu ya machimbo wanazungumza Kisukuma.

Nirudi kwa mama zetu. Mama wa miaka 50 anaona damu kwenye mkojo. Kwanza anaficha, maana damu huko chini kwa mwanamke ina tafsiri nyingi na hakuna iliyo nzuri. Akienda zahanati anaambiwa UTI. Anapewa dawa. Damu inapungua, inarudi. Anaambiwa UTI sugu. Anabadilishiwa dawa. Anaambiwa ni kukoma hedhi. Anapelekwa kwa mganga. Akifika Bugando, kansa imeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Wale madaktari wa 2013 waliandika hivyo hivyo, kwamba kansa zinazoandamana na kichocho ziliwapata wenye umri mdogo zaidi na mara nyingi zilikuwa zimeshapenya msuli. Na kumbuka 185 ni wale waliofika, wakakatwa nyama, ikasomwa. Waliofia Nindo au Bukwimba hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kwa maoni yangu swali la Kilosa linaweza kuulizwa upya bila kununua mashine yoyote. Wanawake wanaenda kliniki ya watoto, wanaenda vikundi vya kukopeshana, wanaenda kanisani na msikitini. Muulize aliyefika miaka 40 na kukulia kwenye malambo: umewahi kukojoa damu? Ilirudi baada ya dawa? Kijiti kipo kwenye zahanati nyingi, kinatumika kwa wajawazito. Mwenye damu apewe prazikwanteli kwanza, apimwe tena baada ya wiki kadhaa. Kama damu bado ipo, asipewe UTI ya tatu, aandikiwe rufaa. Kwa njia hii kijiti hakitafuti kansa kwa watu wote, kinawachambua wachache wa kupelekwa kwenye kamera. Sijui kwa nini hili lisiwe kwenye mwongozo wa zahanati za Shinyanga wakati Misri, kwa kupambana na kichocho chenyewe, walishusha kansa ya kibofu kutoka zaidi ya robo ya kansa zote kwenye taasisi yao ya Cairo mwaka 1980 hadi kama asilimia 12 mwaka 2005, na ile ya seli bapa ikapungua kutoka robo tatu ya kansa za kibofu hadi chini ya theluthi.

Februari 2022 WHO ilibadilisha mwongozo wake: pale kichocho kinapofikia asilimia 10, prazikwanteli itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo. Ukiwa na mama, shangazi au bibi kule Shinyanga vijijini, Kahama au Geita, mpigie leo jioni umuulize kama amewahi kuipata. Na umuulize lile swali lingine pia, hata kama ataona aibu kukujibu.